Heko Mafundi wa Laptopu
Draivu ya sidii ikianza kugoma, muuzaji atakwambia ununue nyingine. Fundi wa Kariakoo haanzii huko. Anazima kompyuta, ananyoosha klipu ya karatasi, anaichomeka kwenye kitundu kidogo kando ya kitufe, trei inachomoka. Lenzi hiyo hapo, ndogo kama punje ya mtama. Anaifuta taratibu kwa pamba yenye spiriti. Mara nyingi kumbe ni vumbi tu! Leza ikiwa imechoka kweli, hakuzungushi, anabadilisha draivu: laptopu nyingi za zamani huishikilia kwa skrubu moja, ila pima unene wake kwanza, milimita 12.7 au 9.5. Wengine hupachika SSD kwenye nafasi ya draivu hiyo, nami nawaunga mkono. Hongereni, mafundi. Bei tutaendelea kubishania.