Kupima Ubora wa Msimbo wa Viungo katika Rails

Ukurasa wa matangazo 200, kila tangazo likiwa na kiungo cha kulisoma, cha kulihariri na cha kulifuta, huidai seva anwani 600 kabla msomaji hajaona kitu. Katika Rails, mfumo wa Ruby uliotolewa mwaka 2004, kiungo kilekile huandikwa kwa namna kadhaa, na gharama zake hazilingani.

Namna nzito ni kutaja kidhibiti, kitendo na namba ya tangazo ndani ya hashi. Rails hulazimika kutafuta njia inayooana navyo. Nyepesi ni njia yenye jina, kama tangazo_path, kwa kuwa hakuna cha kutafuta. Ila jina peke yake halitoshi. Rails ina mkato wa ndani unaotumika tu iwapo vigezo vimetimia kwa mfuatano wake, bila hashi ya nyongeza, na njia haikuwekewa masharti ya muundo. Tovuti ya lugha mbili inayopachika lugha kupitia default_url_options huupoteza mkato huo katika kila kiungo, mara nyingi bila mwenyewe kujua.

Hayo yote, hata hivyo, ni senti. Hasara kubwa hujificha kwenye hifadhidata. Msimbo unaosema muuzaji_tangazo_path(tangazo.muuzaji, tangazo) unasomeka vizuri, lakini humwita muuzaji mzima ili kupata namba yake tu. Wauzaji wakiwa 200 tofauti, ni maulizo 200 ya ziada. Fundi mzuri huandika tangazo.muuzaji_id, namba ambayo tayari imo ndani ya tangazo. Pale anwani inapobeba jina la muuzaji badala ya namba, wauzaji hupakiwa mapema kwa pamoja kwa includes. Ndiyo maana to_param, mbinu inayoamua kipande hicho cha anwani, ni mahali pa kwanza pa kukagua: ikigusa jedwali jingine, kila kiungo kitaligusa pia.

Wapo wanaounganisha maandishi ya anwani kwa mkono. Kasi hupatikana, lakini herufi maalumu hazigeuzwi salama, na njia ikibadilika viungo hukatika kimyakimya. Msimbo wa aina hiyo ni duni hata ukiwa na mbio.

Hukumu itolewe kwa kipimo: rack-mini-profiler huonyesha idadi ya maulizo na muda wa kila kiolezo. Maulizo ya ziada yakiisha na ukurasa bado ni mzito, kipande cha tangazo huwekwa kwenye kache, huku viungo vya kuhariri na kufuta vikiachwa nje, maana hutegemea nani ameingia.