"Ya Kienyeji", "Ya Mbali" au "Ya Mahali"? Uhakiki wa Istilahi Moja ya Fizikia

Istilahi haipimwi kwa kulingana kwake na neno la kigeni. Hupimwa kwa picha inayoijenga akilini mwa msomaji asiyeliona hilo neno la kigeni. Kwa kipimo hicho twataka kuhakiki tafsiri za dhana ambayo mfasiri wa fizikia hawezi kuikwepa: yale matokeo ya mifumo yenye urefu na upana tu, ambayo sababu yake haipatikani katika nukta yoyote moja. Tafsiri zilizokwisha kupita mezani petu ni tatu: "athari zisizo za kienyeji", "athari za mbali" na "athari zisizo za mahali".

Ya kwanza haina utetezi. "Kienyeji" ni neno la watu: twasema kuku wa kienyeji na dawa za kienyeji kwa kuwa ni za wenyeji. Mwanafunzi akisoma "athari zisizo za kienyeji" ataelewa kuwa ni athari za kigeni, wala hatakuwa na kosa. Kosa ni la mfasiri aliyekuta neno la Kiingereza lenye maana mbili akachukua ile isiyohusika.

Hiyo hiyo ndiyo kasoro ya "mifumo ya pande mbili". Watumishi wa serikali wanaijua mikataba ya pande mbili. Karatasi nayo ina pande mbili, yaani mbele na nyuma, na sivyo inavyokusudiwa. Wengine wamependekeza "mfumo bapa". Lakini uso wa mpira si bapa, na hata hivyo mdudu anayetambaa juu yake ana njia za urefu na upana tu. Twaona "vipimo viwili" ndiyo istilahi inayofaa.

Tafsiri ya pili, "athari za mbali", yahitaji kujibiwa kwa makini, maana inakaribia ukweli. Wahenga walisema fimbo ya mbali haiui nyoka. Fizikia nayo imeushikilia msimamo huo kwa muda mrefu: kitu hutenda pale kilipo. Newton mwenyewe, ambaye kanuni yake ya mvutano ilionekana kuuvunja, hakuridhika na wazo la kitu kutenda mahali kisipokuwapo bila ya chochote katikati.

Sasa tuangalie mfano ulio maarufu kuliko yote. Mwaka 1959 Yakir Aharonov na David Bohm, wakiwa Chuo Kikuu cha Bristol, walionyesha kwa hesabu jambo la ajabu. Chukua koili ndefu ya waya ambayo uga wake wa sumaku umefungiwa ndani. Pitisha elektroni kushoto na kulia kwake, zisiuguse uga huo kabisa. Zikikutana upande wa pili, michirizi ya mawimbi yake itakuwa imesogea, na kiasi cha kusogea kitafuata wingi wa sumaku iliyofungiwa. Mwaka 1986 Akira Tonomura na wenzake huko Japani walilithibitisha kwa kutumia sumaku yenye umbo la pete, iliyofunikwa kwa metali inayozuia uga usivuje nje.

Je, hii ni fimbo ya mbali? Hapana. Hakuna nguvu iliyoisukuma elektroni, na kuongeza umbali hakupunguzi tokeo. Kinachohesabiwa ni kwamba njia mbili kwa pamoja zimeizunguka koili. Fikirini mbuzi aliyefungwa kwa kamba kwenye mti. Akizunguka mara tatu, kamba imejizonga mara tatu, awe amepita karibu au mbali, kwa njia iliyonyooka au ya kupindapinda. Hakuna nukta katika njia yake ambapo twaweza kuweka kidole tukasema: hapa ndipo mzongo ulipotokea. Mzongo ni mali ya njia nzima.

Mfano huo pia waeleza kwa nini vipimo viwili vina hadhi ya pekee. Penye kimo, kitanzi kinaweza kuvuliwa kwa juu kama pete kidoleni. Penye urefu na upana tu, hakuna juu. Ndiyo sababu Jon Magne Leinaas na Jan Myrheim wa Norwe walionyesha mwaka 1977 kuwa chembe zilizofungiwa humo zaweza kuweka kumbukumbu ya jinsi zilivyozungukana. Mwaka 1982 Frank Wilczek aliziita kwa jina alilolitoa katika neno la Kiingereza lenye maana ya "yoyote". Mchezo huo wa maneno haufasiriki. Na tukubali "enioni". Kwa kitendo cha kuzungukana kwao, hata hivyo, hatuna haja ya kukopa. Wasusi wa ukili wametupa "kusuka" na "msuko".

Suala hili si la mapambo ya lugha. Mwaka 1997 Alexei Kitaev alipendekeza kuhifadhi taarifa za kompyuta za kwanta katika misuko ya enioni, na mwaka 2020 majaribio ya Ufaransa na Marekani yalitoa ushahidi wa enioni zenyewe. Hoja ya Kitaev ni moja: msukosuko unaotokea mahali pamoja hauwezi kuufumua msuko ulioenea mfumo mzima. Mwalimu mwenye "athari za kienyeji" au "za mbali" hawezi kuieleza hoja hiyo, kwa kuwa istilahi yake imekwisha kuifuta.

Imebaki ya tatu, "athari zisizo za mahali". Hii yaelekea sawa, ila inaweza kueleweka kuwa tokeo halipo popote. Tena "athari" katika matumizi ya kawaida hubeba madhara, kama athari za ukame. "Tokeo" ni neno tulivu zaidi. Twapendekeza jozi hii: "tokeo la mahali" na "tokeo lisilofungwa na mahali". Sarufi yetu inatuunga mkono, kwani Kiswahili hutenganisha hapa na huku: PA ya nukta maalumu, KU ya eneo lisilo na mpaka dhahiri. Tofauti ambayo wanafizikia hueleza kwa aya nzima, mtoto wa Kiswahili huijua kabla ya kwenda shule. Wafasiri wasiitupe.