Msafiri wa Peke Yake na Swali la Lubutu: Maoni kuhusu Fasihi ya Safari katika Kiswahili

Makala haya yamezaliwa na sentensi moja iliyosemwa katika semina. Wanafunzi walikuwa wametakiwa kuleta kila mmoja andiko fupi la safari, liwe la kwake au la mwingine, na kulihakiki mbele ya wenzake. Mmoja wao alileta insha yake mwenyewe. Alikuwa ameamka siku moja ya mwezi wa Mei, akatia nguo mbili katika mkoba wa mgongoni, akapanda basi kwenda Lamu bila ya kumwarifu mtu, bila ya mpango, na bila ya shughuli yoyote. Nyumba nyingi za wageni zilikuwa zimefungwa kwa sababu ya masika. Akatembea ufukweni peke yake, akala alipopata, akalala alipofika. Insha ilikuwa na lugha nzuri na semina iliipenda. Kisha mwanafunzi mwingine, mzaliwa wa Lubutu katika jimbo la Maniema, akasema kwa upole: "Kwetu mtu akiingia mjini peke yake na mkoba mgongoni, wala hana anayemwendea, watu huuliza kwanza amekimbia nini."

Hapakuwa na aliyemjibu. Mimi niliyeongoza semina sikuwa na jibu pia, na yanayofuata ni jaribio la kulitafuta.

Kuna hoja inayorudiwarudiwa kwamba fasihi ya Kiswahili haina msafiri wa aina hii, yaani mtu anayesafiri peke yake kwa ajili ya kusafiri tu. Wako wanaoiona hali hiyo kuwa ni upungufu wa kujazwa, na wako wanaojivunia kwamba Mwafrika hasafiri bila sababu. Mawazo yote mawili yanakwepa matini zenyewe. Tukizisoma matini tutaona kwamba msafiri wa peke yake yumo, ila amefichwa, na kinachomficha ni swali lile lile la Lubutu: wewe ni wa nani, na umekuja kufanya nini?

Tuanze na lugha. Neno safari katika matumizi ya kawaida hudai mambo mawili, shughuli na mwenyeji. Asiye na shughuli hasafiri, bali anatembea, na akizidi kutembea huitwa mzururaji. Methali zetu hazikubaliani juu yake. Moja yasema mtembezi hula miguu yake. Nyingine yamtetea: mtembea bure si sawa na mkaa bure, huenda akaokota. Hata hiyo ya pili, tukiichunguza, inamsamehe kwa sharti la kuokota kitu, maana kutembea kwenyewe hakumtoshi kuwa hoja. Na neno uzururaji halikubaki katika methali tu. Kenya ya kikoloni ilimfunga mfanyakazi wa kiume kwa kipande alichokivaa shingoni, na katika Kongo ya Wabelgiji mwenyeji alihitaji ruhusa ya maandishi kuondoka kwao kwa muda mrefu. Tanzania huru nayo ilipoendesha kampeni ya Nguvu Kazi mwaka 1983 iliwakamata mijini watu wasioweza kuonyesha kazi yao. Kwa hiyo mwandishi wa Kiswahili anayeandika "nilikuwa natembea tu" anatumia maneno ambayo mbele ya askari yalikuwa ni kukiri kosa. Mhakiki hana budi kuusikia mwangwi huo kabla ya kulalamika kwamba waandishi wetu hawatembei.

Sasa tuitazame Maniema yenyewe katika maandishi. Matini kongwe na mashuhuri ni maisha ya Hamed bin Muhammed el Murjebi, yaani Tippu Tip, kwa maneno yake mwenyewe, aliyoyaandika uzeeni huko Unguja kabla ya kufa mwaka 1905, na ambayo Heinrich Brode aliyachapisha kwa herufi za Kirumi. Wengi wameisoma kazi hii kama hati ya historia ya pembe na utumwa, na hapana shaka ndivyo ilivyo. Damu iliyomwagwa katika nchi hizo haipungui kwa sababu msimulizi ni mcheshi. Lakini kama matini ya safari ina jambo ambalo halijatiliwa maanani ya kutosha. Tippu Tip ana bunduki, ana watu kwa mamia, ana mali. Hata hivyo anapofika kwa mtawala Kasongo Rushie, haingii kwa bunduki. Anaingia kwa ukoo. Amesikia kwamba zamani dada za mtawala walitekwa, naye anadai kwamba mmoja wao ndiye nyanya yake. Mzee anamkubali kama damu yake na kumwachia utawala. Msimulizi hatuombi radhi kwa uongo huo, wala haupambi. Anausimulia kama mtu anayesimulia jinsi alivyolipa ushuru.

Hapa ndipo penye fundisho la kifasihi. Mtu mwenye nguvu kuliko wote katika njia zile alilazimika kulijibu swali la "wewe ni wa nani", na kwa kuwa hakuwa na jibu la kweli, alilitunga. Tungo la kwanza la msafiri, kwa mujibu wa matini hii, ni nasaba yake. Usimulizi wa safari unaanza pale mgeni anapojieleza mlangoni, kabla kalamu haijashikwa. Nadhani hili ni muhimu kuliko orodha za pembe zilizowashughulisha wahariri.

Livingstone, ambaye vitabu vya Ulaya vinamchora kuwa mtembezi mpweke, tusimweke mbali na picha hiyo. Alikaa Maniema kati ya miaka 1869 na 1871, akafika Nyangwe ukingoni mwa Lualaba, na alishuhudia mauaji ya sokoni ya Julai 1871. Lakini alifika huko akitegemea njia, chakula na ulinzi wa wafanyabiashara wale wale, na aliandamana na kina Chuma na Susi. Upweke wake ni mtindo wa uandishi, si hesabu ya watu waliokuwa kambini.

Mtindo wetu ulikuwa kinyume. Katika mkusanyiko wa Safari za Wasuaheli aliouchapisha Carl Velten mwaka 1901, tunawakuta Waswahili walioombwa na Mjerumani waeleze walikokwenda. Majina ya masimulizi yana "yangu" waziwazi: safari yangu ya bara, safari yangu ya Urusi. Mwanafunzi akifungua ndani hukutana na "tu". Tulilala, tulipita, tulifika. Selim bin Abakari, Mngazija aliyesafiri Urusi na Siberia hadi Asia ya Kati mwaka 1896, alikuwa mtumishi wa Mzungu, na kwa hakika katika miji ile ya theluji hakuna aliyekuwa peke yake kuliko yeye. Hakuwa na wa kusema naye lugha yake, na popote alipopita alitazamwa. Ila upweke huo haupewi sura wala aya yake. Umo ndani ya "tu", na msomaji asiye makini hupita juu yake bila kuuhisi. Mhakiki aliyezoea nafsi ya kwanza umoja ya Kizungu atasema kwamba Selim hana nafsi. Mimi nasema anayo, isipokuwa ameisetiri. Ni adabu ya msimulizi kutojiweka mbele ya wenzake hata pale wenzake wanapokuwa ni tajiri na mizigo.

Euphrase Kezilahabi alipovunja adabu hiyo katika Nagona (1990), alimpeleka msimulizi wake peke yake, ila alimtoa katika ramani kabisa. Ni kana kwamba mtu aliye peke yake kweli hakuweza kupitishwa katika wilaya yoyote inayojulikana.

Turudi Lubutu. Mji huu umo karibu na Ikweta, kwenye barabara itokayo Bukavu na Walikale kwenda Kisangani, na msitu uko pande zote. Bahari haiko karibu, lakini barabara ina misimu yake kama bahari. Kuanzia Desemba 1996 wakimbizi wa Rwanda zaidi ya 100,000, waliotembea kutoka Kivu vita vilipobomoa kambi zao, walikusanyika Tingi-Tingi, kilomita chache kutoka mjini. Ndege za misaada zilitua juu ya barabara yenyewe. Mwisho wa Februari 1997 majeshi yalipokaribia, walioweza kutembea wakaondoka kuelekea Ubundu. Marie Béatrice Umutesi, aliyekuwa miongoni mwao, ameandika kwa Kifaransa kitabu kilichotoka Paris mwaka 2000, Fuir ou mourir au Zaïre, kinachoeleza mwendo wake wa kilomita zipatazo 2,000 kuvuka nchi nzima. Kila alichonacho kimo mgongoni. Mpango hana. Hajui atalala wapi. Sifa zote ambazo insha ya Lamu ilizitaja kama uhuru zimo humo, moja moja, na kila moja imegeuka kuwa tishio. Aidha Umutesi hatembei peke yake akiweza. Anawakusanya watoto na jamaa, na kitabu kinahesabu nani bado yupo.

Kwa maoni yangu ni aibu kwamba kitabu hiki hakisomwi katika kozi zetu za fasihi ya safari kwa hoja kwamba si cha Kiswahili. Njia ile ilipita katikati ya nchi ya Kiswahili. Waliouza ndizi, waliofunga milango na waliofungua wanasema Kiswahili. Simulizi la upande wao, la mji uliowaona wageni wengi kuliko wenyeji wakija kwa miguu kisha wakitoweka, ndilo lililokuwa nyuma ya sentensi ya mwanafunzi wetu.

Je, insha ya Lamu ihukumiwe kwa hilo? La. Kijana kutembea ufukweni si dhambi, na mhakiki anayemwadhibu mwandishi kwa misiba ya wengine hahakiki. Kasoro yake iko kwingine. Insha iliuita mji "mtupu" na "kimya" kwa kuwa nyumba za wageni zilifungwa. Neno msimu limekuwa la pwani kabla ya watalii: kaskazi ilileta majahazi kutoka Arabuni kuanzia Desemba, na kusi ikayarudisha, baada ya hapo bahari ilichafuka na mji ukabaki na watu wake. Wakati huo vyombo hupandishwa na kutengenezwa, na watu huketi barazani. Mji wa Mei umejaa. Mtupu ni mgeni asiye na wa kumwamkia.

Nilimwambia hayo mwandishi wa insha. Rasimu yake ya pili ilikuwa na tukio ambalo la kwanza halikuwa nalo: jioni ya kwanza bibi mmoja mlangoni alimuuliza, "Mwanangu, wewe wa nani?", naye, kwa haya, akataja jina la ukoo mmoja wa Lamu usio wake. Bibi akamkaribisha ndani. Alikuwa ameliacha tukio hilo, alisema, kwa sababu lilimharibia upweke.

Mwanafunzi wa Lubutu naye alileta kurasa mbili kuhusu siku aliyotembea kutoka mjini mpaka Tingi-Tingi kutazama mahali palipokuwa kambi. Vitenzi vyote vilikuwa katika "tu". Nilimuuliza alikwenda na nani. Akasema alikwenda peke yake.