ThinkPad T480 Imetua Mezani: Chukua i5 na Kioo Kizuri, Mengine Yaongeze Baadaye

Jamani, kibodi hii! Nimeifungua T480 asubuhi ya leo, na makala haya naandikia humohumo kwa sababu vidole havitaki kuondoka. Kitufe kinashuka kwa kina, kinagota, kinarudi. Hii ni laptopu ya mwaka 2018. Imeshamtumikia mtu ofisini huko Ulaya, ikapakiwa, ikasafiri, ikafutwa vumbi na kupangwa kwenye meza ya duka Kariakoo pamoja na wenzake. Bado inanifurahisha kuliko laptopu yoyote mpya ya boksi ninayoweza kuimudu kwa pesa hiihii, ambayo haifiki shilingi milioni moja.

Utamu na mtihani ni kwamba T480 hizi haziko sawa. Zikiwa zimefungwa, zote ni bapa, nyeusi, zenye nukta nyekundu juu ya herufi i ya ThinkPad. Ukizifungua, hii ina i3 na ile i7, hii RAM 8 na ile 16, hii kioo kinapendeza na ile kinafubaa ukiinamisha shingo kidogo tu. Muuzaji atakutajia mambo matatu, "i5, nane, mbili hamsini na sita," halafu bei. Msikilize, mshukuru, kisha anza kuuliza ya kwako. Msimamo wangu nautoa mapema: pesa ya leo ielekeze kwenye vitu vilivyolehemiwa, na vile vinavyofunguliwa kwa bisibisi viache vije taratibu, mwezi kwa mwezi. T480 inakuruhusu kununua hivyo kuliko karibu laptopu zote za rika lake, na ndiyo maana nimeshindwa kukaa kimya!

Kilicholehemiwa hasa ni prosesa. Ipo kwenye mazabodi, haichomoki, na kuibadilisha maana yake ni kubadilisha mazabodi nzima. Kwa hiyo hapa ndipo pa kuwa mkali. Agosti 2017 Intel walitoa kizazi cha 8 cha prosesa za laptopu nyembamba, na lile lilikuwa tukio kweli. Mpaka kizazi cha 7, i5 ya aina hii, ile inayotumia wati 15, ilikuwa na viini 2. Kizazi cha 8 kikaja na viini 4 na nyuzi 8, wati zikabaki 15 zilezile. Ukiweka T470 iliyoitangulia na T480 pamoja utadhani ni mapacha, lakini ya pili ina viini mara mbili. Leo nimefungua kivinjari chenye vichupo vingi, nikaongeza jedwali zito la Excel, nikaingia kwenye kikao cha video, na mashine haikuhema. Haikuhema kabisa!

Kuna sababu nyingine ya kung'ang'ania kizazi cha 8. Microsoft walipoandika masharti ya Windows 11, kwa prosesa za Intel walianzia hapo. Windows 10 nayo iliacha kupata usaidizi wa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Kwa hiyo T480 imekaa upande unaoruhusiwa wa mstari, na T470 imebaki nje. Ukiambiwa T470 ni bei rahisi zaidi, utajua unachoacha.

Sasa i5 au i7? Chukua i5, wala usisite. Core i5-8350U hupanda hadi GHz 3.6, na Core i7-8650U hadi GHz 4.2. Zote mbili zina viini 4, zote zimewekewa wati 15, na ndani ya mwili mwembamba joto ndilo linaloamua mbio zitadumu kwa muda gani. Kwa kuandika, kufanya hesabu, kusoma PDF za chuo na hata kuhariri picha, tofauti hiyo utaitafuta kwa tochi. Pesa inayobaki ina kazi nzuri zaidi, nitakwambia. Cha kuangalia sana ni Core i3-8130U. Nayo ni ya kizazi cha 8, kwa hiyo muuzaji akikwambia "kizazi cha nane" hajakudanganya, ila ina viini 2 tu. Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, nenda kwenye ukurasa wa utendaji wa CPU, usome mwenyewe jina la prosesa na idadi ya viini. Ni kazi ya sekunde chache, na muuzaji mstaarabu hataona vibaya.

Pindua pia mashine usome namba ya aina iliyoko chini. T480 huanza na 20L5 au 20L6. Ukikuta 20L7 au 20L8, umeshika T480s, mdogo wake mwembamba. Ni mzuri mno kwa macho, ila sehemu ya RAM yake imelehemiwa na nafasi ya kuongeza ni moja tu, tena betri yake haichomoki kwa nje. Kwa mpango wetu wa kujenga taratibu, herufi hiyo moja ina gharama kubwa.

RAM! Hapa ndipo T480 iliponiteka. Ina nafasi mbili, zote huru, za DDR4 ya kawaida, na kiwango rasmi ni hadi GB 32. Skrubu za mfuniko wa chini hazidondoki zikilegea, zinabaki palepale kwenye matundu yake, kana kwamba waliounda walijua utafungulia kwenye kapeti. Kwa hiyo unapoambiwa "RAM nane", uliza swali ambalo wanunuzi wengi hawaulizi: ni kipande kimoja au viwili? Kipande kimoja cha 8 ni bahati, kwa sababu nafasi ya pili ipo wazi inakusubiri. Baadaye unanunua kingine cha 8, unabonyeza, unafunga, una 16. Ukipewa vipande viwili vya 4, nafasi zote zimejaa, na siku ya kuongeza itabidi kimojawapo kitoke. Kuna faida nyingine ya kuweka vipande viwili vinavyolingana. Michoro ya Intel UHD 620 haina kumbukumbu yake yenyewe, inakopa kwenye RAM ya mashine, na RAM ikiwa vipande viwili data hupita njia mbili kwa wakati mmoja. Mtu wa michezo myepesi au wa kuunganisha skrini ya pili ataiona tofauti. Ile pesa uliyookoa kwenye i7, ilete hapa.

Nikisema hivi najua kuna mzazi anayejiuliza kwa nini asimnunulie mtoto anayeingia chuo laptopu mpya ya boksi, yenye plastiki zake na harufu ya upya. Mama, baba, soma kwanza kilichoandikwa ubavuni mwa hilo boksi. Kwenye daraja hili la bei mara nyingi utakuta Celeron N4020, viini 2, RAM ya GB 4, na hifadhi ya eMMC ya GB 64. Kwenye mashine nyingi za namna hiyo RAM imelehemiwa, na eMMC nayo ni chipu iliyolehemiwa. Windows pamoja na masasisho yake inameza sehemu kubwa ya hizo GB 64 kabla mwanafunzi hajahifadhi hata andiko lake la kwanza. Hakuna cha kuongeza. Ulichonunua siku ya kwanza ndicho atakachohitimu nacho, kama kitafika.

Kioo sasa, na hapa naomba usikilize kwa makini. T480 nyingine zilitoka kiwandani na kioo cha nukta 1366 kwa 768, nyingine 1920 kwa 1080. Piga hesabu: cha kwanza kina nukta milioni 1.05 hivi, cha pili milioni 2.07. Karibu mara mbili, kwenye inchi zilezile 14! Na si wingi wa nukta peke yake. Hicho cha nukta chache ni cha aina ya TN: ukisogea pembeni rangi zinageuka, ukisimama juu yake weusi unakuwa kijivu. Cha nukta nyingi ni IPS, kinatulia kutoka kila upande. Hii yangu ni IPS, na nimefungua kurasa mbili za Word sambamba bila kukunja macho. Dukani fanya hivi: weka picha yenye rangi nyingi, kisha zunguka meza ukiitazama. Fundi anaweza kukubadilishia kioo baadaye, lakini ukijumlisha bei ya kioo na ufundi, ni afadhali uongeze kidogo leo. Kipo pia cha nukta 2560 kwa 1440. Ukikutana nacho kwa bei ya kueleweka, usiondoke bila hicho. Cha kugusa kwa kidole sikipigii debe.

SSD isikuumize kichwa. GB 256 zinatosha kuanzia, na kuibadilisha ni kazi ndogo.

Betri! Nilikuwa naisubiri sehemu hii. T480 ina betri mbili. Moja ya Wh 24 ipo ndani. Ya pili ipo nyuma, unaichomoa kwa vidole, na iliuzwa kwa ukubwa wa Wh 24, 48 au 72. Jumlisha: ukiwa na ndogo una 48, ukiwa na kubwa una 96. Na kuna uzuri mmoja ambao leo nimeurudia kama mtoto. Mashine ikiwa inawaka, na waya wa chaji haupo, nimechomoa betri ya nyuma nikairudisha, na sentensi niliyokuwa naandika haikukatika, maana ya ndani inashikilia. Umeme ukikatika mtaani katikati ya ripoti, mwenye betri mbili za nyuma kwenye begi anaendelea na kazi. Mwalimu anayesahihisha usiku, karani wa mnadani, mwandishi aliyeko Tunduru, hii ni mashine yenu! Ile kubwa ya 72 inatokeza chini na kuinua kibodi kidogo, nami naipenda hivyo hivyo.

Ila betri zilizotumika zimechoka, kila moja kwa kiasi chake. Fungua dirisha la amri, andika powercfg /batteryreport, na Windows itakutolea ukurasa unaoonyesha kila betri ilizaliwa na uwezo gani na leo inashika kiasi gani. Ukikuta ya nyuma imeisha, usikatae mashine nzuri kwa ajili hiyo. Punguziwa bei, kisha nunua nyingine. Ya ndani ikiwa hoi, hapo bembeleza bei zaidi, kwa sababu hiyo inataka kufungua mfuniko.

Chaji yake ni USB-C, ile ya wati 65, na zipo nafasi mbili za USB-C ubavuni. Moja kati ya hizo ni Thunderbolt 3. Programu ya ndani ya T480 za mwanzo ilikuwa na kasoro inayoweza kuiharibu nafasi hiyo kadiri muda unavyokwenda, na Lenovo walitoa sasisho la kuitibu. Ukifika nyumbani, kabla ya muziki na kabla ya filamu, pakua sasisho hilo. Dukani chomeka chaji kwenye nafasi zote mbili kwa zamu uone kama zinapokea. HDMI ipo kamili, waya wa mtandao unaingia moja kwa moja, na kadi ya kamera ya SD ina mlango wake. Fundi wa video za harusi, umesikia?

Mawili ya mwisho kabla ya kutoa pesa. Zima mashine, iwashe, bonyeza Enter kisha F1 uingie kwenye BIOS. Ikikudai nywila ambayo muuzaji haijui, irudishe mezani kwa upole, hata kama inang'aa. Nyingi zilikuwa mali za makampuni, na kufuli hilo ni gumu kufungua. Halafu tazama herufi za kibodi. Zilizotoka Ujerumani zina Z mahali pa Y, za Ufaransa zinaanza na AZERTY, na vibandiko vilivyowekwa juu vitachakaa. Kiswahili hakidai alama yoyote juu ya herufi, QWERTY ya kawaida inakutosha kabisa, kwa hiyo ichague hiyo, na ikiwezekana yenye taa chini ya vitufe.

Basi oda yangu kwako ni hii: T480 yenye 20L5 au 20L6, i5 ya viini 4, kioo cha IPS cha 1920 kwa 1080, RAM ya 8 kwenye kipande kimoja, SSD ya 256, BIOS isiyo na nywila. Rafiki yangu fundi ameshaniambia kuna betri ya 72 kwenye duka la jirani yake, na kabla giza halijaingia nitakuwa nimefika.