Magazeti ya Zamani ya Samaki: Kuyafungia ao Kuyasoma?

Katika mji wetu kuko watu wanaopenda kukusanya makaratasi ya zamani. Mmoja anatafuta kadi za posta za Elisabethville, mwingine timbre za Etat du Katanga, mwingine namba za Mwana Shaba, gazeti ambalo Union Minière ilianza kulitoa mwaka 1957 kwa ajili ya wafanyakazi wake. Ni tabia nzuri, tunaisifu. Lakini kusifu peke yake hakutoshi. Tunapenda kuipima kwa mfano mmoja: maandishi ya zamani juu ya samaki na uvuvi.

Ulaya na Marekani, kukusanya magazeti ya wavuvi wa ndoano ni jambo linalojulikana. The Fishing Gazette lilianza London mwaka 1877, Field & Stream Marekani mwaka 1895. Mwenye kuyakusanya anauliza: ni namba ya kwanza? Jalada liko zima? Mwaka umetimia bila namba kukosa? Bei inafuata majibu. Kwa upande wao inaeleweka. Wavuvi waliandikia wavuvi wenzao, na anayefungua gazeti lile leo anakuta ndani yake maarifa ya watu wake.

Kwetu mambo iko tofauti. Samaki wa Katanga tunamkuta katika Bulletin agricole du Congo belge, iliyoanza mwaka 1910, katika magazeti ya mji kama L'Essor du Congo, na katika ripoti za serikali. Ukisoma maandishi ya miaka ya 1940 na 1950 utaona habari za tilapia na za mabwawa ya kufugia samaki, kama yale ya Kipopo karibu na mji. Samaki ana jina la Kilatini, ana uzito, ana hesabu ya tani. Lakini mvuvi mwenyewe, mara nyingi, anasimama kwenye picha bila jina.

Tuchukue mpumbu. Samaki huyu, ambaye wanasayansi wanamwita Labeo altivelis, alikuwa anapanda mto Luapula wakati wa mvua kwenda kutaga mayai, makundi kwa makundi. Watu wa kando ya mto walimngojea, wakala nyama yake na mayai yake. Kisha mji wa shaba ukakua, wafanyakazi wakahitaji poso, na samaki wa Luapula na wa ziwa Mweru akawa mali ya biashara. Wachuuzi Wagiriki walikaa Kasenga, wakaleta samaki hadi Elisabethville kwa malori, safari ya kilometa zaidi ya 200. Karibu na mwaka 1950 mpumbu alikuwa amepungua sana, na ule mpando mkubwa wa mto ukaisha.

Nani alimumaliza? Makaratasi ya serikali yanahesabu tani na kuzungumza juu ya kufunga uvuvi wakati wa kutaga. Lakini nani alinunua, kwa bei gani, na ni wazee gani waliokuwa wanasimamia mto na mabwawa yake mbele ya serikali kuja? Hayo hutayapata kirahisi. Njo maana tunasema: mwenye kabati lililojaa magazeti ya namna hii ana nusu ya habari tu, hata kama hakuna namba hata moja inayokosa.

Mfano wa kutufundisha tunao hapa hapa. Mwaka 1965 Yav André aliandika kwa mashini Vocabulaire de ville d'Elisabethville, kwa Kiswahili cha mji, kwa jina la chama cha waliokuwa maboyi wa nyumba za wazungu. Karatasi yenyewe haikuwa na uzuri wowote, na maneno yalikatwa na kuunganishwa kwa namna ambayo mgeni hangeweza kuyafuata. Johannes Fabian alipoitoa kuwa kitabu mwaka 1990, ilibidi kwanza Kalundi Mango, mtu wa hapa, aisome kwa sauti. Maandishi yalipata maana yake katika kinywa cha mwenye lugha.

Mutu anaweza kutujibu: kwanza tuokoe karatasi, kusoma kutakuja nyuma. Neno hilo lina ukweli. Mapora ya Oktoba 1991 hayakuhurumia vitabu, mchwa na mvua havihurumii, na sokoni karatasi nzuri inafunga karanga kila siku. Lakini karatasi ikihifadhiwa vizuri inaweza kungoja miaka mia. Mzee aliyevuta nyavu kule ku Kasenga, ku Kilwa ao ku Pweto hawezi kungoja. Methali inasema mali bila daftari hupotea bila habari. Sisi tumekwisha kupata daftari, na wanaojua kulisoma wanatuponyoka.

Kwa hiyo tunapendekeza mambo matatu. Mwenye gazeti ao picha aandike kwenye kipande cha karatasi lilitoka wapi na nani alimpa. Halafu akae na wazee, afungue ukurasa mbele yao, aandike majina ya samaki, ya nyavu na ya mahali kwa Kibemba na kwa Kiswahili. Mwisho, nakala ya kazi hiyo ifike Musée na Chuo Kikuu. Mradi wa Mémoires de Lubumbashi, ulioanza mwaka 2000, ulikwisha kuonyesha kama vitu vya nyumbani na maneno ya wenyewe vinaweza kukaa pamoja.

Batoto yetu wanakula bukari na Thomson, samaki wa bahari anayefika amegandishwa katika makarto. Wakiuliza mpumbu alikuwa samaki gani, wasijibiwe na jina la Kilatini peke yake.