Sifa za Anayekimbia Mbele

Kiangazi kikishika, upepo wa Buigiri hutoka mashariki. Huvuma kutoka upande wa Morogoro, hufagia mashamba ya mtama yaliyokwisha kuvunwa, hupiga mibuyu iliyopukutisha majani, kisha hufuata barabara kuu kuelekea jijini Dodoma. Mkimbiaji anayetoka Dodoma kuja huku huupokea usoni njia nzima. Akigeuka kurudi, humsukuma. Umbali wenyewe ni mfupi kidogo kuliko marathoni, nao unatosha kumfundisha kwamba hewa ni mzigo, na kwamba anayetangulia huubeba kwa niaba ya wote walio nyuma yake. Katika kundi la ng'ombe wanaokwenda kisimani, anayetangulia ndiye asiyekula vumbi. Katika mbio ndefu, wa mbele ndiye anayelipa.

Ndiyo maana wakimbiaji wengi hodari hujificha. Hukaa nyuma ya mabega ya wenzao, hupumua kwa utulivu, huhesabu kilomita, hungoja. Juma Ikangaa hakuwa mtu wa kungoja. Alizaliwa Dodoma Julai 1957, akawa afisa wa Jeshi la Wananchi, mtu mfupi kwa kimo, na katika miaka ya 1980 watazamaji wa Tokyo, Boston na New York walimzoea kwa sura moja: yuko mbele, peke yake au na mwenzake mmoja, na mabingwa wa dunia wanautazama mgongo wake.

Nataka kuusifu ufundi huo wa kukimbia mbele. Kwetu umesifiwa zaidi kama ushujaa, na ushujaa hatuufundishi. Tunausimulia, tunapiga makofi, basi.

Marathoni ni kilomita 42 na mita 195. Mwili uliozoezwa vizuri una akiba ya sukari ya kumfikisha mtu kilomita ya 30 au zaidi kidogo kwa kasi ya ushindani. Baada ya hapo kila papara ya mwanzo hudaiwa, na hudaiwa na riba. Aliye nyuma ana kipimo chake tayari, yaani mgongo wa aliye mbele. Mgongo ukienda, naye huenda, ukilegea, hujua. Aliye mbele hana mgongo wa kutazama. Ana miguu yake, pumzi yake na saa mkononi, na kutokana na hivyo vitatu lazima ajue, katika kilomita ya 12, atakuwa na hali gani katika kilomita ya 38. Lazima pia achague pa kuwaumiza wenzake: kwenye kilima wanachotaka kukipanda taratibu, mara tu baada ya meza ya maji wakati wengine bado wanameza, au pale njia inapokata kona na kumficha machoni pao kwa sekunde chache. Kasi yake akiishikilia bila kubadilika, anawavuta tu, na mwisho watamshukuru kwa kumpita. Akiipandisha na kuishusha kwa busara, anawachosha. Huo ni ufundi wa mikono mitupu, usio na chombo wala kifaa zaidi ya hiyo saa, na sijui ulio mgumu kuuzidi katika michezo yote.

Ikangaa alikuwa na sababu ya kuuchagua. Desemba 1983, mjini Fukuoka, aliingia uwanjani akiwa mbele, na Toshihiko Seko wa Japani akachomoka nyuma yake katika mita za mwisho. Seko alitumia saa 2:08:52, Ikangaa 2:08:55. Mtu aliyepigwa namna hiyo hujifunza moja kati ya mambo mawili: ama autafute mwendo wa kumalizia, ama ahakikishe kwamba wapinzani wanafika mwisho wakiwa hawana tena miguu ya kumalizia. Ikangaa alishikilia njia ya pili miaka yote, na ilimlipa. Alishinda Tokyo mwaka 1984 na tena 1986. Alishinda Fukuoka yenyewe mwaka 1986. Kabla ya hapo, kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola ya Brisbane mwaka 1982, yeye na Mtanzania mwenzake Gidamis Shahanga walikuwa wamelikimbia kundi zima mapema. Robert de Castella wa Australia alilazimika kuwafukuza kwa kilomita nyingi, akiwa nyumbani kwake, ndipo akampata Ikangaa na kumshinda kwa sekunde 12.

Kisha Boston. Njia ya Boston huanza kwa kuteremka, na mteremko ni mtego, kwa sababu misuli ya mapaja huvunjika polepole bila mtu kuhisi, mpaka vilima vya Newton vinapomdai mbele ya safari. Mwaka 1988 Ikangaa aliongoza hadi mjini, na Ibrahim Hussein wa Kenya akampita mwishoni kabisa: 2:08:43 kwa 2:08:44. Sekunde moja baada ya kilomita 42. Hussein akawa Mwafrika wa kwanza kuishinda Boston. Mwaka uliofuata Ikangaa alikuwa wa pili tena, nyuma ya Abebe Mekonnen wa Ethiopia. Mwaka 1990 akawa wa pili kwa mara ya tatu mfululizo, safari hii nyuma ya Gelindo Bordin wa Italia, bingwa wa Olimpiki wa Seoul, aliyempita katika vilima vilevile vya Newton. Wapo watakaosema kwamba mtu aliyepitwa mara tatu alipaswa kubadili mbinu. Mimi naona kinyume. Hao watatu walishinda mbio ambazo yeye ndiye aliyezitengeneza, na muda waliouandika ulitoka miguuni mwake kwa sehemu kubwa.

Kati ya Boston ya pili na ya tatu iko New York ya Novemba 1989, na hapo ufundi wake ulionekana mzima, bila mtu wa kuuharibu. Aliwaacha wote, akamaliza kwa saa 2:08:01, zaidi ya dakika moja na nusu mbele ya Ken Martin wa Marekani aliyemfuata. Ukigawa, ni dakika 3 na sekunde 2 kwa kila kilomita, katika jiji lenye madaraja marefu ya kupanda na upepo wa mtoni. Aliivunja rekodi ya njia hiyo iliyowekwa na Alberto Salazar mwaka 1981, na rekodi yake yeye ikakaa hadi 2001. Miaka 12, katika mashindano ambayo kila mwaka hukusanya watu walioandaliwa kwa kazi hiyo tu.

Lakini Olimpiki haikumpa kitu. Los Angeles 1984 alikuwa wa sita. Seoul 1988 wa saba. Barcelona 1992, akiwa na miaka 35, kwenye njia iliyomalizikia kwa mlima wa Montjuïc jioni ya Agosti, alikuwa wa 34. Mara tatu katika miaka minane, na kati yake mazoezi ya kilomita zisizohesabika. Marathoni ya Olimpiki si rafiki wa anayekimbia mbele. Hukimbiwa majira ya joto. Hakuna anayetafuta rekodi, kila mtu anatafuta nafasi tatu za kwanza, na kwa hiyo kila mtu anaridhika mwingine akijitolea kukata upepo. Nchi haiwezi kuingiza zaidi ya wakimbiaji watatu, hata kazi ya kupokezana haiwezekani sana. Siku hizi mashindano mengi makubwa ya mijini huajiri waweka kasi, ambao hulipwa kufanya hadi kilomita ya 25 au 30 kazi ambayo Ikangaa aliifanya mwenyewe akiwa bado anataka kushinda. Olimpiki haina waweka kasi. Humngoja mtu wa kujitolea, kisha humwacha.

Hakuwa wa kwanza kwetu kukutana na ukuta huo. Filbert Bayi aliwahi kuwaduwaza mabingwa wa mita 1500 huko Christchurch tarehe 2 Februari 1974, alipoongoza toka mlio wa bastola hadi utepe na kuweka rekodi ya dunia ya 3:32.16. John Walker wa New Zealand, aliyekuwa wa pili, naye aliipita rekodi ya zamani kwa kumfuata tu. Dunia ilisubiri wawili hao wakutane Montreal 1976; Tanzania na nchi nyingi za Afrika zikasusia, kwa sababu timu ya raga ya New Zealand ilikuwa imekwenda kucheza Afrika Kusini ya makaburu. Bayi alipopata Olimpiki yake, Moscow 1980, alikimbia mita 3000 kuruka viunzi na maji, na akakimbia vilevile: mbele, mbali, peke yake, mpaka Bronisław Malinowski wa Poland alipomfikia katika mzunguko wa mwisho. Medali ya fedha. Katika michezo hiyohiyo Suleiman Nyambui alipata fedha ya mita 5000. Hadi leo Tanzania haina medali nyingine ya Olimpiki zaidi ya hizo mbili.

Na yupo John Stephen Akhwari, ambaye jina lake linajulikana duniani kuliko yote haya, kwa sababu alimaliza marathoni ya Mexico mwaka 1968 akichechemea, goti limefungwa bendeji, giza limeingia, akiwa wa mwisho kati ya 57 waliomaliza. Namheshimu kama kila Mtanzania anavyomheshimu. Ila inaniuma kwamba tumelihifadhi goti lake na kuisahau miguu yake. Aliangukia ndani ya msongamano, wakimbiaji wakigombea nafasi. Chini ya miaka miwili baadaye, Edinburgh 1970, katika Michezo ya Jumuiya ya Madola, mtu huyohuyo alikuwa wa tano kwa saa 2:15:05. Ukimwuliza kijana wa Kitanzania leo, ya Mexico anaijua. Ya Edinburgh nani alimwambia?

Buigiri inajulikana nchini kwa shule ya wasioona, iliyoanzishwa na Kanisa la Anglikana mwaka 1950, na kila nikiipita humkumbuka Henry Wanyoike wa Kenya. Asiyeona hukimbia na mwongozaji, mkono kwa mkono kwa kamba fupi, hatua zao zikilingana, na kanuni inamkataza mwongozaji kuvuka mstari kabla ya mkimbiaji wake. Sydney mwaka 2000, katika mita 5000 za Paralimpiki, mwongozaji wa Wanyoike aliishiwa nguvu. Wanyoike, asiyeuona hata mstari, akamvuta mwenzake hadi mwisho na kuchukua dhahabu. Kuongoza, basi, hakuanzii machoni.

Sasa nje kidogo ya Dodoma, hapo Singida, wilaya ya Ikungi, ametoka mtu mwenye ufundi mwingine kabisa. Alphonce Simbu naye ni askari wa Jeshi la Wananchi, naye ameisaka Olimpiki mara tatu: wa tano Rio 2016, wa saba katika Olimpiki ya Tokyo iliyokimbiwa Sapporo 2021, wa 17 Paris 2024. Katikati alipata shaba ya dunia London 2017 na fedha ya Jumuiya ya Madola Birmingham 2022. Simbu hukaa ndani ya kundi. Hana haraka ya kuonekana. Tarehe 15 Septemba 2025, kwenye ubingwa wa dunia mjini Tokyo, aliingia uwanjani na wawili wengine; Amanal Petros wa Ujerumani akachomoka, ikaonekana imekwisha, na Simbu akamfikia kwenye mstari wenyewe. Wote waliandikiwa saa 2:09:48. Picha ilionyesha tofauti ya sekunde 0.03. Ikawa dhahabu ya kwanza ya Tanzania katika historia ya mashindano hayo.

Nimeitazama picha ile mara nyingi, na sidhani kwamba inamfuta Ikangaa. Simbu alilipa kwa hatua moja deni la Fukuoka na la Boston, hilo ni kweli. Lakini kungoja kunawezekana pale tu ambapo kuna mtu amekubali kutangulia, na mkimbiaji asiyewahi kuongoza mbio hajui aliye mbele yake anaumia kiasi gani, wala ni saa ngapi atavunjika. Walimu wa riadha wa shule za Dodoma na Singida, naomba msianze kuwafundisha watoto kujificha. Watoeni Agosti kwenye barabara hii, waelekezeni mashariki, na kila mmoja apewe zamu yake ya mbele. Namna ya kumalizia watajifunza baadaye. Yupo sasa wa kuwaonyesha, na yu hai, na ni jirani.

Hakuna Mtanzania aliyewahi kupata medali ya marathoni ya Olimpiki. Michezo ya 2028 itafanyika Los Angeles, jiji ambalo Ikangaa alimaliza wa sita. Simbu, aliyezaliwa Februari 1992, atakuwa na miaka 36. Carlos Lopes wa Ureno, aliyechukua dhahabu ya marathoni katika jiji hilo mwaka 1984, alikuwa na miaka 37.