Waingie Kwanza, Mlango Ufungwe Baadaye

Mtoto wa Kichina anapofundishwa kuandika 国, yaani nchi, huanza na mstari wima wa kushoto. Kisha huvuta mstari wa juu, akifika kona ya kulia anaukunja na kuushusha hadi chini bila kuinua kalamu. Hapo boma limesimama, ila upande wa chini uko wazi. Hujaza vya ndani, mstari baada ya mstari, na mwisho kabisa ndipo hupiga ule wa chini. Walimu wana msemo wa kumkumbusha: watu waingie kwanza, mlango ufungwe baadaye.

Ukitazama maandishi yaliyokwisha kukauka, unaweza kudhani huo ni ukali wa walimu tu. Mistari ni minane vyovyote iwavyo. Nani atajua ulianzia wapi? Mkono unajua. Kanuni zenyewe ni chache: juu kabla ya chini, kushoto kabla ya kulia, mlazo kabla ya wima pale inapokatana. Zinaufaa mkono wa kulia ulioshika brashi yenye wino mbichi, kwani mara nyingi mstari mmoja huishia karibu na pale unapoanzia mwingine. Aliyezizoea hafikirii tena. Herufi ya mistari kumi na mitano humtoka mkononi kama neno linavyotoka mdomoni. Na aliyesoma chuoni kwa ubao na wino, akafunzwa kukamilisha mwili wa neno la Kiarabu ndipo arudi kutia nukta, hawezi kulishangaa jambo hili.

Walimu wa khati wanaipenda sana 永, herufi ya umilele. Kwa hesabu ya leo ina mistari mitano, lakini ndani yake mna miondoko minane ya brashi ambayo mwanafunzi huirudia hadi mkono uchoke. Unaonivutia zaidi ni wa mwisho, ule unaoteremka kulia. Ncha hugusa karatasi kwa wepesi, karibu isionekane. Kadiri inavyoshuka mkono hukandamiza kidogo kidogo, nywele za brashi zinatanuka, mstari unanenepa. Huko chini brashi husita kidogo, imelala kwa unene wake wote. Halafu mkono hugeukia kulia na kuinuka taratibu, nywele zikijikusanya tena, hadi mstari uishe kwa ncha kali. Yote hayo ni kwa pumzi moja. Wala usingeweza kuupiga wa kwanza, kwa sababu ndio unaoizuia herufi isiangukie kushoto. Lazima mwandishi aone kwanza uzito umeelemea wapi, ndipo ajue huu aurefushe kiasi gani.

Herufi hiyohiyo ndiyo inayofungua maandishi mashuhuri kuliko yote katika khati ya Kichina: dibaji aliyoiandika Wang Xizhi mwaka 353 huko Lanting, karibu na Shaoxing, marafiki walipokutana kando ya maji kunywa na kutunga mashairi. Karatasi yake mwenyewe ilipotea. Tulizonazo ni nakala za mafundi wa enzi ya Tang. Humo herufi ndogo 之 inajitokeza mara 20 hivi, na kila mara ina sura yake. Moja imejinyoosha, nyingine imejikunyata, nyingine inakwenda mbio. Utaratibu lakini ni mmoja: nukta, mstari unaokwenda kulia na kurudi kushoto, kisha mteremko. Naamini hapo ndipo ulipo uhuru wote wa Wang. Mkono usiobabaika kuhusu kinachofuata unaweza kucheza na umbo utakavyo, na msomaji asipotee. Katika mwandiko wa haraka, ambamo mistari hushikana, uzi mwembamba wa wino hupita palepale jicho linapoutarajia. Ukivuruga utaratibu, uzi hupita pasipo pake, na herufi inageuka kitu kingine.

Mkono usiobabaika huja kwa kurudiarudia. Mtawa Zhiyong, wa ukoo huohuo wa Wang, husimuliwa kwamba alinakili kitabu cha herufi elfu moja mara 800, akazigawa nakala hizo kwa mahekalu, na brashi zake zilizochakaa akazizika.

Anayeanza leo amwombe mwalimu autazame mkono wake ukiwa kazini, asingoje kusahihishiwa karatasi. Na achague shule moja, maana hata mabingwa hawaafikiani. China Bara ina mwongozo wa serikali wa herufi 8,105, ulioanza kutumika mwaka 2021. Kwa mwongozo huo, 左, kushoto, na 右, kulia, zote huanza na mlazo. Wajapani huanza 左 kwa mlazo, lakini 右 huianza kwa ule mteremko wa kushoto. Shika brashi ujaribu, utaona wana hoja: katika 右 yao mteremko ni mfupi na mlazo ni mrefu, katika 左 ni kinyume chake, na katika zote mbili kifupi ndicho kinachotangulia.